Theluji ya Mpendae

Vijana, nasikia siku hizi mkitaka kazi ya kutembeza wageni mnawekwa chumbani mnafanyiwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza, na katika maswali limo moja lisilokosekana: unapenda hali gani ya hewa, ipi huipendi, na kwa nini. Nasikia pia mnaliona swali jepesi. Mnalikariri jibu kutoka kwenye simu, mnaingia, mnalimwaga, mnatoka mnacheka. Mimi niliulizwa swali hilo hilo hapa Unguja Mjini, miaka michache baada ya Mapinduzi, na mpaka leo nikisikia mtu anauliza kama kesho kutakuwa na jua, kwanza natazama nani amekaa pembeni.

Mimi ni dereva. Sisemi nilikuwa. Macho yameingia ukungu na mwanangu kanificha funguo, lakini ni dereva. Skuli nilifika darasa la pili, nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe, sikufukuzwa, na nakuombeni hilo mlielewe vizuri. Nyumba niliyonayo Mpendae, kila tofali lake limetoka katika usukani. Sikurithi hata kikombe.

Nilianzia kwenye lori. Lilikuwa halina milango, kwa hivyo wakati wa masika mvua iliingia upande huu ikatokea upande wa pili, na mimi katikati kama nguo iliyosahauliwa kambani. Waipa ya kioo ilikwisha kufa zamani. Nikaifunga uzi, nikawa naivuta kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwengine. Uzi ukikatika, kuna dawa: kata kitunguu, sugua kioo kwa nje, maji yatateleza na utaona njia. Hilo ni kweli, lijaribuni. Msilijaribu nililolifanya mimi, kwamba baada ya kusugua nje nikaona kwa nini nisisugue na ndani, kioo kiwe kizuri zaidi kuliko cha wenzangu. Nikafika Mahonda machozi yananimiminika hadi kidevuni. Wazee waliokuwa barazani wakainuka wote, mmoja akanishika mkono akaniuliza maiti ni nani.

Ukishapita dimbwi, breki zinalewa maji. Zikanyage kidogo kidogo mpaka zilevuke, usingoje mpaka umwone mbuzi mbele. Na kaskazi, lile joto la kiangazi, petroli inachemka njiani kabla haijaifikia injini, gari inazima. Weka kitambaa cha maji juu ya pampu, kaa kivulini, usitukane. Siku hizi gari zinajipoza zenyewe, wanaochemka ni nyinyi.

Basi katika hali hiyo ya lori ndipo nilipopata habari kuwa afisi iliyokuwa ikishughulikia wageni inataka madereva wawili. Gari ni ndogo nyeusi, zina milango, na milango inafungika. Kioo unakizungusha kinapanda juu. Nyinyi hamjui utamu wa kioo kinachopanda juu. Mimi kifua changu kilikuwa kimeshaanza kupiga filimbi kwa kurowa kila siku, na daktari alishaniambia bila ya kuzunguka kwamba masika moja au mbili zaidi katika lori lile, nitakuwa mtu wa kulala kitandani na kuhesabu boriti. Nilikuwa na mke na watoto wadogo. Kazi nyengine nisiyohitaji kusoma wala kurowa, sikuijua. Kwa hivyo kile kiti chenye kioo nilikitaka kwa roho yangu yote.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Mwenye kuendesha wageni alitakiwa ajue kuzungumza nao, na kutafanywa mtihani. Nami kwa kiburi changu nilishamwambia mke wangu, Mwanaidi, kuwa Kiingereza nakijua, ila tu sijapata mtu wa kuzungumza naye. Mwanaidi akanitazama, akasema, "Basi utakuwa umekiweka akiba kubwa, maana sijakusikia hata siku moja." Akaendelea kuchambua mchele.

Tulikuwa madereva wanne tulioitaka nafasi hiyo: mimi, rafiki yangu Makame, na wawili wa lori za mawe. Sote tukaenda kwa Mzee Feruzi pale Kikwajuni. Huyu alikuwa mpishi aliyestaafu, aliyempikia Mzungu mmoja mkubwa miaka mingi kabla ya Mapinduzi, na kwetu sisi hakukuwa na aliyekaa karibu na Kiingereza kuliko yeye. Akatukubali kwa malipo ya kahawa na kashata, kila siku baada ya sala ya alasiri.

Somo la kwanza alituambia hivi: mgeni mtazungumza naye hali ya hewa, basi. Na alikuwa na sababu. Nyinyi mmezaliwa baadaye, lazima nikuelezeni. Miaka ile mtu alilipima neno kabla ya kulitoa, kama unavyopima chumvi ya mgonjwa. Dereva akionekana anazungumza sana na mgeni, huitwa akaulizwa walikuwa wakizungumza nini, na si kila aliyeitwa alirudi na uchangamfu wake. "Bei ya mchele ina mwenyewe," Mzee Feruzi alisema. "Barabara ina mwenyewe. Hospitali ina mwenyewe. Hali ya hewa haina mwenyewe ila Mungu, na Mungu hatumi mtu kukuita." Sote tukatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi ndiye niliyetikisa zaidi, na mtaona faida yake.

Baada ya hapo akatufundisha jibu. Alilipata kwa yule bwana wake, ambaye kila jioni alikaa kwenye varanda na gilasi mkononi akasema maneno yale yale. Kwamba joto la hapa litamuua. Kwamba yeye anapenda baridi. Kwamba kwao theluji inaanguka, naye anakaa mbele ya moto, na mbwa wake amemlalia miguuni. Mzee aliyasikia mpaka akayahifadhi kama sura ya Kur-ani, na pamoja na maneno alihifadhi vitendo: kabla ya kusema, unatazama dirishani, unashusha pumzi ndefu, ndipo unaanza. Akatusimamisha mmoja mmoja pale barazani, tukawa tunatazama dirisha la jirani na kushusha pumzi, mpaka mke wa jirani akalifunga.

Makame, ambaye ni mtu wa dini, akapata shaka. "Mbwa miguuni, Mzee? Nikishamaliza mtihani nikaioshe mara saba?"

"Mbwa wa maneno huyo," Mzee Feruzi akamjibu. "Hana mate."

Siku ya mtihani tulikaa kwenye benchi nje ya chumba, katika nyumba moja ya ghorofa kule Shangani. Mimi nikataka niwe wa mwisho, nikiona huo ndio ujanja, kwamba wenzangu watatoka watanambia kimeulizwa nini. Kweli wakatoka mmoja mmoja wanameremeta. Ni hali ya hewa, wakasema, kama alivyosema Mzee, hapana kilichozidi. Makame akaongeza kuwa mwalimu aliyewauliza alikuwa akiuma midomo muda wote, na yeye anaamini ni kwa kufurahishwa.

Nikafikiri: kama sote tumesema sawa, mimi nitaonekana vipi? Anayetaka kiti lazima apite wenzake. Basi pale pale kwenye benchi nikaongeza mbwa wa pili, na theluji nikaipandisha mpaka magotini.

Nilipoingia nikamkuta mwalimu mwenyewe, Bi Zuwena, mwanamke wa makamo aliyekuwa akisomesha skuli ya wasichana, miwani puani, mtandio umekaa sawasawa. Pembeni, kando ya kabati, alikaa bwana mmoja wa afisini ambaye hakutajwa jina. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Mikono kaifumbata, macho nusu kayafunga, anasikiliza.

Yaliyosemwa kwa Kiingereza nakusimulieni kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu cha siku ile hakisimuliki. Bi Zuwena akaniuliza napenda hali gani ya hewa. Nikatazama dirishani. Nikashusha pumzi, ndefu kuliko ya mtu yeyote aliyepata kushusha pumzi Shangani. Nikamwaga: joto litaniua, napenda baridi, theluji magotini, moto, mbwa wawili.

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Bwana Pandu, wewe unakaa wapi?"

"Mpendae, mwalimu."

"Na theluji inaanguka Mpendae?"

Mtu mwenye akili angekiri. Lakini mimi nilishaingia na mbwa wawili, nitawapatia wapi mlango wa kurudia? Nikamwambia, "Mwaka huu bado."

Akainamisha kichwa muda kidogo, mabega yanamtikisika. Alipoinuka uso ulikuwa umetulia. Akanambia, kwa Kiswahili bado, kwamba mimi ni wa nne kumletea mbwa asubuhi ile, na kwamba akiandika sote tumekariri, sote tumekosa. Ananipa nafasi moja, akasema, kwa sababu mimi ndiye wa mwisho. Niache ya kufundishwa. Nimwambie kwa maneno niliyonayo, hata kama ni mabovu, hali gani ya hewa siipendi na kwa nini. Kisha akaliuliza swali upya kwa Kiingereza.

Hapo ndipo nilipokwama kweli. Jibu nililijua: masika. Masika ndiyo iliyonipa kifua cha filimbi. Lakini mimi nimelelewa Uroa na bibi yangu mzaa mama, na siku moja nilipokuwa mdogo nilisema mvua hii mbaya, nikapigwa kofi ambalo nikiligusa shavu bado nalisikia. Mvua haitukanwi. Mvua ni rehema, ikinyesha unasema ya kheri, hata kama inakubebea nyumba. Kwa hivyo kusema mvua siipendi, mbele ya watu wawili, kwa lugha yoyote ile, ulimi haukuweza. Na kukaa kimya nimekosa kazi.

Nikatafuta wa kulaumiwa asiyekuwa Mungu. Nikaikuta barabara.

Nikamwambia kwa Kiingereza kuwa mvua haina kosa. Kosa ni la barabara ya Uroa. Na vijana, sijui kilinitokea nini, kwa sababu maneno ambayo sikuwahi kuyatumia, niliyoyaokota bandarini, na kwenye redio, na kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akitengeneza magari, yote yakaja kwa pamoja kama kuku walioona mtama. Nikasema barabara ina mashimo, ukitumbukia unamsalimia aliye chini. Nikasema daraja limevunjika na halitengenezwi. Nikasema nilikwama na magunia ya unga, mvua ikayanyeshea mpaka unga ukawa uji, na kule Uroa kina mama wamesimama tangu alfajiri kungoja unga huo, na mimi nikawafikishia magunia matupu. Nikasema nilikwenda kuripoti, nikaambiwa niendeshe polepole. Nikapiga na meza. Nilijiona mimi si wa darasa la pili tena. Nilijiona nikiendelea hivi watanipa gari mbili.

Bi Zuwena mwanzo alikuwa akinitazama kwa furaha, kama mtu aliyepanda mbegu ya mbilimbi ikaota mwembe. Kisha nikaona uso unabadilika. Akaanza kutikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Mimi nikafikiri ananisikitikia unga.

Yule bwana wa kando ya kabati akafungua macho.

"Hebu," akasema kwa Kiswahili. "Huyu kasema Uroa. Kasema nini kuhusu Uroa?"

Ndipo nilipofahamu mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, bwana huyu Kiingereza hakijui. La pili, mimi nimetoka kuitukana serikali kwa sauti kubwa, na hali ya hewa nimeiacha kule kule Mpendae na mbwa wake. Jasho lilinitoka mpaka likaingia viatuni. Sikuwa tena na haja ya gari yenye kioo. Nilitaka lori langu, na mvua yake yote, niondoke nalo nikiwa mzima.

Bi Zuwena akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio bila ya haraka. "Kasema hali ya hewa anayoipenda ni ya Uroa wakati wa kipupwe," akamjibu. "Upepo wa baharini, baridi ya kiasi. Mgeni akifika kule anapumzika."

Bwana akaifikiria. "Na rodi? Rodi nalijua, hilo hata mtoto analijua. Kalitaja si mara moja."

"Kasema barabara ya kwendea inapendeza. Minazi huku na huku."

Akanigeukia mimi. "Ndivyo?"

"Ndivyo, bwana."

Akamrudia mwalimu. "Mbona kasema kwa hasira?"

Kama mngenichoma sindano wakati ule pasingetoka damu. Bi Zuwena akarudisha miwani puani akasema, "Kiingereza safi ndivyo kinavyosemwa, bwana. Ukikisema kwa upole, wenyewe hawakuelewi."

Yule bwana akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Nikawasikia njiwa waliokuwa juu ya bati. Hatimaye akaegemea kiti, akafumbata mikono yake.

"Basi huyu anakijua," akasema. "Wale wengine walisema kidogo. Mwandike."

Nikaandikwa. Wa pili akawa Makame, kwa kuwa bwana alimpenda kwa alama ya sijda iliyokuwa usoni pake.

Bi Zuwena alinisindikiza mpaka mlangoni, na kabla hajaufungua akanambia kwa sauti ya chini, "Kiingereza chako kizuri, Bwana Pandu. Usikitumie."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu ulivyo mrefu. Nilikwenda nyumbani kichwa juu, nikamwambia Mwanaidi kuwa mwalimu mzima wa skuli amekisifu Kiingereza changu. Nusu ya pili ya maneno sikumpa. Kwa siku kadhaa nilitembea mtaani nikijiona nimepona kwa ushupavu wangu, nimempiga chenga mtu wa serikali. Ilikuwa nikiwa garini peke yangu, kioo kimepandishwa, mvua inapiga nje na mimi ndani mkavu, ndipo nilipokaa nikalipanga jambo lile vizuri. Mimi ningeulizwa, ningesema mimi mjinga, darasa la pili, nimechanganya maneno. Yeye asingekuwa na pa kujificha. Angetokea mtu mmoja tu anayejua Kiingereza akasikia pale mlangoni, mimi ningerudi kwenye lori, lakini mwalimu yule sijui angerudi wapi. Naye aliyasema yale huku akipangusa miwani, kwa ajili ya mtu aliyemletea theluji ya uongo.

Nikaona lazima nikamshukuru. Nikavaa shati langu la kazi, nikaenda skulini kwake wakati wanafunzi wanatoka. Nilimkuta kwenye ngazi pamoja na walimu wenzake na watu wengine nisiowajua. Nikamwamkia kwa heshima, nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kwa lile jambo la mtihani."

Hapo nakusimamisheni kidogo. Nyinyi mkiulizwa leo mnapenda hali gani ya hewa, jibu lolote mtakalolitoa mtarudi nalo nyumbani. Basi hayo ya kukariri mnayakariri kwa kumwogopa nani? Semeni jua linakuchomeni, semeni barabara mbovu, mkosee, mchekwe. Mtihani wenu ni huo tu.

Bi Zuwena alinitazama kama mtu ambaye hajapata kuniona tangu azaliwe. Akainua uso juu, akalitazama wingu.

"Waonaje, bwana," akaniuliza, "itanyesha leo?"

Walimu wenzake walikuwa wakitusikiliza. Nikafahamu, nikalitazama wingu na mimi.

"Ya kheri, mwalimu," nikamwambia. "Ikinyesha, ya kheri."

"Amin," akasema, akashuka ngazi akaenda zake.